Roboti ya Meza ya Jikoni na Mguu wa Bibi

Theluji imefika nusu ya mlango wa gereji, jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, na mimi nina saa chache kabla ya kuondoka kwenda zamu. Mnaofuatilia safu hii mnanijua: usiku nafanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee, mchana nalala, na saa zilizobaki nakaa na wanangu kwenye meza ya jikoni tukifungua na kufunga vitu. Ufundi wa redio niliojifunza Mombasa, maeneo ya Mwembe Tayari, haujanitoka.

Mwezi huu nilipanga kuwaandikia somo moja tu: namna ya kufunga vihisi vya bei nafuu kwenye roboti ya kutengeneza nyumbani, ili iweze kukwepa vizuizi. Somo lipo, na nitalieleza hatua kwa hatua. Lakini katikati ya kazi hiyo roboti yetu ilimgonga mama yangu mguuni, na kilichofuata kimenifanya niandike makala tofauti kidogo na niliyokusudia.

Tulivyoanza

Binti yangu yuko darasa la saba. Alirudi na karatasi ya maonyesho ya sayansi ya shule, akasema anataka roboti itembee ndani ya nyumba bila kugonga kitu. Tulitazama seti zilizo tayari kwenye maboksi. Bei zake zilinitoa jasho wakati wa baridi. Nikamwambia, mwanangu, sisi ni watu wa fundi, tutaunda yetu.

Jumamosi moja tulizunguka. Tulianzia maktaba ya hapa Brooklyn Park, ile ya West Broadway karibu na chuo cha North Hennepin, akaazima vitabu viwili. Tukaenda Micro Center kule St. Louis Park kununua bodi na vihisi. Mwisho tukafika Ax-Man, duka la mabaki lililoko University Avenue, St. Paul. Aliyewahi kutembea Luthuli Avenue pale Nairobi, au vichochoro vya vifaa vya umeme Kariakoo, akiingia Ax-Man atajihisi yuko nyumbani: masanduku ya mota kuukuu, swichi, waya, na vitu ambavyo hata mwenye duka pengine hajui vilifanya kazi gani.

Mwili wa roboti ulikuwa kibao cha plastiki cha kukatia mboga. Mama watoto alikitafuta siku mbili.

Vifaa na mpango wake

Ubongo ni bodi ya Arduino Uno. Arduino ilianzishwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi wasio wahandisi, na michoro yake iliachwa wazi kwa kila mtu. Ndiyo sababu kuna nakala nyingi za bei rahisi zinazofanya kazi ileile.

Miguu ni mota mbili ndogo za rangi ya njano zenye magurudumu, na nyuma kuna gurudumu moja la kuzunguka huru. Hapa watoto wengi hukosea: wanaunganisha mota moja kwa moja kwenye pini za bodi. Pini ya Uno ni ya kutoa takriban miliampia 20, wakati mota ikikwama huvuta mamia. Ukifanya hivyo utaichoma bodi. Weka katikati bodi ya kuendeshea mota; sisi tulitumia L298N. Bodi hiyo yenyewe humeza karibu volti 2, kwa hiyo betri nne za AA zenye jumla ya volti 6 zitaacha mota zikiwa goigoi. Tumia sita, upate volti 9. Betri ile ya mstatili ya volti 9 iache kwa king'ora cha moshi. Haina nguvu ya kusukuma mota.

Na jambo ambalo lingeniokolea saa mbili za usiku mmoja kama ningelikumbuka mapema: upande hasi wa betri, wa bodi ya mota, wa Arduino na wa vihisi lazima vyote vikutane. Visipokutana, kila kifaa kina sifuri yake, na hakuna atakayemwelewa mwenzake.

Jicho ambalo ni sikio

Kihisi tulichonunua kwanza ni HC-SR04. Bei yake ni dola chache tu, na kina maduara mawili mbele kama macho ya bundi. Binti yangu aliyaita macho, nikamsahihisha. Moja ni mdomo, jingine ni sikio. Kinapiga kelele ya masafa ya kilohezi 40, mara mbili ya upeo wa sikio la binadamu, kisha kinasikiliza mwangwi. Popo wadogo wanaoishi kwenye dari za nyumba zetu za pwani hufanya hivyo usiku wanapowinda wadudu. Mwanasayansi Donald Griffin ndiye aliyeipa njia hiyo jina lake la kitaalamu mwaka 1944. Wale popo wakubwa wanaokula maembe ni wengine, wao hutegemea zaidi macho na pua.

Kihisi hiki kina pini nne. VCC inakwenda kwenye volti 5, GND kwenye hasi, na mbili zilizobaki, Trig na Echo, kwenye pini mbili za bodi. Sisi tulichagua 9 na 10. Bodi inaiwasha Trig kwa mikrosekunde 10, kihisi kinapiga kelele, kisha pini ya Echo inabaki juu kwa muda uleule ambao sauti imetumia kwenda na kurudi. Chukua mikrosekunde hizo, gawanya kwa 58, unapata umbali kwa sentimita. Ukipata 1160, kitu kiko sentimita 20 mbele yako.

Kwa nini 58? Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde katika joto la nyuzi 20, yaani kama mikrosekunde 29 kwa kila sentimita, na safari ni ya kwenda na kurudi. Wenzangu wa Minnesota, angalieni hapo kwenye joto. Gereji yetu haina kipasha joto. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri sauti inashuka hadi karibu mita 319 kwa sekunde, na ukuta ulio mita moja mbele roboti itausoma kama sentimita 108. Tulidhani kihisi kimeharibika, kumbe ni hewa.

Kihisi hiki kina mipaka mingine, nayo ndiyo inayonileta kwenye habari yangu. Kinasoma kuanzia sentimita 2 hadi kama mita 4. Kikikaribia zaidi ya sentimita 2, kinasema lolote. Ukuta ulioinama huirusha sauti pembeni isirudi. Mguu mwembamba wa kiti hurudisha kidogo sana. Na kitambaa laini chenye mikunjo, kama pazia au nguo pana, huimeza.

Jumapili ile

Kufikia wiki ya tatu roboti ilikuwa inatembea. Ikikuta ukuta kwa sentimita 20 inasimama, inarudi nyuma, inageuza kihisi kushoto na kulia kwa mota ndogo ya servo, inachagua upande wenye nafasi, inaendelea. Ilikwepa kochi, friji na viatu vya theluji mlangoni. Mdogo wake aliifuata akiipigia makofi.

Mama yangu alikuja kutoka Mombasa mwezi wa tisa. Jioni hiyo alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na jiko, sinia ya mchele mapajani, akichambua. Mchele wa huku hauna hata jiwe moja, lakini huwa namwacha. Mikono yake haikuzoea kukaa bure. Alikuwa amevaa dera lililofika sakafuni, na soksi.

Roboti ilitoka sebuleni, ikapita mlango, ikakwepa mguu wa meza, ikaelekea kwa Bibi. Nilingoja isimame. Haikusimama. Ikazama chini ya dera, na tukasikia magurudumu yakisaga sakafu. Ilikuwa imefika kisiginoni na mota bado zinasukuma.

Binti yangu akacheka. "Bibi, roboti imekuja kukuamkia! Shikamoo Bibi!"

Mama akaendelea na mchele wake. Kisha akatazama chini, upande ambao roboti haikuwepo. "Iko wapi?"

"Bibi, huisikii?"

"Naisikia inavyolia, mjukuu wangu. Nauliza iko wapi."

Wasomaji, mnajua Kiswahili chetu kina neno moja kwa mambo mawili. Mama alikuwa anaisikia kwa masikio. Mguuni hakuisikia kabisa.

Nilipiga magoti nikaitoa. Ncha ya skrubu iliyotokeza kwenye kona ya kibao ilikuwa imetoboa soksi, na palikuwa na tone la damu. Nikamwomba ruhusa nimvue soksi. Mkwaruzo wa kisigino ulikuwa mdogo. Lakini chini ya kidole gumba, mguu uleule, palikuwa na kidonda kingine kikubwa kama ukucha wangu, chenye kingo nyeupe zilizokauka. Hicho hakikuwa cha roboti. Kilikuwa cha siku nyingi.

"Mama, hapa huumwi?"

"Siumwi, mwanangu. Miguu imekufa ganzi tangu nyumbani. Nilidhani ni uzee, na huku nikasema ni baridi."

Mama yangu ana kisukari mwaka wa tisa sasa. Mimi mwanawe, kila usiku kazini, nawavua soksi wazee wasio ndugu zangu, namulika tochi katikati ya vidole vyao, naandika kwenye fomu: ngozi nzima, hakuna jeraha. Nimefunzwa kwamba kisukari kinaweza kuua hisia za mguu, kwamba mwenye ganzi anaweza kukanyaga msumari asijue, na kwamba kidonda kisichouma ndicho cha kuogopwa. Nyumbani kwangu miezi minne sikuwahi kumtazama mama yangu nyayo. Kila asubuhi niliporudi nilimwamkia, nikamuuliza kaamkaje, akaniambia salama, nikaenda kulala.

Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alinijibu bila kuniangalia: "Niliwasikia mkisema hospitali za huku ni ghali."

Alitusikia. Ni kweli tulisema, mimi na mama watoto, jikoni, tukidhani amelala.

Kimya cha mguu na kimya cha kihisi

Kesho yake nilimpeleka kwenye kliniki ya jamii inayotoza kulingana na kipato. Nyumba nyingi za wageni hazijui kuwa kliniki za aina hiyo zipo, na ndiyo sababu nalitaja hapa: ulizeni. Daktari alimfumbisha mama macho, akamgusa nyayo kwa uzi mgumu wa nailoni unaopinda ukibonyezwa kwa uzito wa gramu 10. Kila akihisi aseme ndiyo. Nilikuwa nimesimama pembeni. Daktari aligusa, akagusa tena, akagusa tena, na mama yangu alikaa kimya akingoja aguswe.

Kidonda kilisafishwa, akapewa dawa na kiatu cha kuondoa uzito kwenye kidole. Chanzo, tulivyoona baadaye, kilikuwa buti za theluji nilizomnunulia mwenyewe. Mshono wa ndani ulikuwa unasugua. Daktari alisema tumewahi, kwani maambukizi hayakuwa yamefika kwenye mfupa. Wiki kadhaa zimepita na kidonda kimefunga. Vya wengine huishia kukatwa mguu, na sisi tungefika huko tukisema salama kila asubuhi.

Binti yangu alilia. Alitaka kuitupa roboti kwenye pipa. Mama akamwambia, "Usiitupe. Hiyo ndiyo iliyonishtaki."

Usiku wangu wa mapumziko tuliketi naye mezani tukafungua msimbo, kwa sababu fundi haachi kosa bila kujua limetoka wapi. Tulilipata kwenye mstari mmoja. Amri ya kupima mwangwi, iitwayo pulseIn, ukiipa muda wa kungoja na mwangwi usirudi, hurudisha sifuri. Binti yangu alikuwa ameazima mfano kutoka intaneti ambao unasema: ukipata sifuri, andika sentimita 250. Yaani kama hakuna jibu, chukulia njia ni nyeupe.

Aliyeandika mfano huo hakuwa mjinga. Katika ukumbi mkubwa, ukuta ukiwa mbali kupita mita 4, mwangwi haurudi, na njia ni nyeupe kweli. Lakini sifuri ileile huja pia pale dera lilipoimeza sauti. Kimya kimoja, maana mbili, na msimbo ukachagua ile inayopendeza. Roboti ilipokwisha kuingia chini ya nguo, ikawa karibu kupita zile sentimita 2, namba zikawa za kubahatisha, na mota zikaendelea.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nililisema methali hilo mara nyingi maishani bila kufikiri kwamba litanifaa kwenye programu ya roboti.

Namna tulivyoirekebisha

Hizi hapa hatua, kwa familia yoyote inayotaka kujaribu. Zote pamoja hazikufika bei ya pizza mbili.

Kwanza, tulifuta mstari wa 250. Sebule yetu haizidi mita 4, kwa hiyo ndani ya nyumba hii ukuta lazima ujibu. Usipojibu, kuna kitu. Kanuni mpya ni hii: kimya kimoja, punguza mwendo, kimya mara tatu mfululizo, simama, geuza kichwa, uliza upande mwingine.

Pili, roboti haiamini jibu moja. Inauliza mara tatu, inachukua namba ya katikati. Kati ya swali na swali iache ingoje milisekunde 60, la sivyo itasikia mwangwi wa swali lililopita ikadhani ni jibu la hili.

Tatu, tuliongeza hisi ya pili ya aina tofauti. Tulifunga vihisi viwili vidogo vya mwanga wa infraredi, kimoja kila kona ya mbele. Kina pini tatu tu: umeme, hasi, na jibu. Kinatoa mwanga tusiouona na kutazama kama umerudi. Hufaa kwa umbali wa sentimita 2 hadi 30, na kuna skrubu ndogo ya kurekebisha wepesi wake. Nacho kina udhaifu wake: kitu cheusi hunyonya mwanga huo, na jua la dirishani hukichanganya. Lakini kitambaa kinachomeza sauti mara nyingi hurudisha mwanga, na soksi nyeusi inayomeza mwanga huweza kurudisha sauti. Vihisi viwili vya aina moja hukosea pamoja. Vya aina mbili husahihishana.

Nne, mguso. Tulivunja kipanya kibovu cha kompyuta, tukatoa zile swichi ndogo zinazolia tik unapobofya, tukazichomelea waya kwa lehemu na kuzifunga mbele nyuma ya kipande cha mrija wa kunywea soda. Waya mmoja kwenye pini ya bodi, mwingine kwenye hasi, na kwenye msimbo pini iwekwe INPUT_PULLUP. Roboti ikigusa chochote kwa wepesi kabisa, mota zinakatika kabla ya jambo jingine lolote. Mguso ni wa zamani kuliko hivi vyote: mwaka 1948 na 1949, kule Bristol, Uingereza, William Grey Walter aliunda roboti mbili zilizofanana na kobe, na gamba lao ndilo lililokuwa swichi. Likigonga kitu, kobe anageuka.

Tano, tulikata skrubu zote zilizotokeza na kuzungushia kibao sifongo. Hili ndilo lililopaswa kuwa la kwanza. Kabla hujakipa kifaa akili, hakikisha kikikosea hakimwumizi mtu.

Neno moja kwa mnaotumia ESP32 au Raspberry Pi badala ya Uno: pini zake ni za volti 3.3, na Echo ya kihisi hiki hutoa 5. Weka rezista mbili za kugawa volti: ya kiloomu 1 kati ya Echo na pini, na ya kiloomu 2 kati ya pini hiyo na hasi. Bila hivyo utaua bodi polepole.

Tulijaribu upya kwa kutundika kanga kwenye kiti. Mara kumi roboti ilikwenda, mara kumi ikasimama. Mara saba kwa infraredi, mara tatu kwa mguso. Binti yangu aliandika kila jaribio. Kwenye maonyesho ya shule aliweka pia ule mstari wa zamani wa msimbo, kwa herufi kubwa, na chini yake akaandika kwa nini ulikuwa mbaya. Hakupata zawadi ya kwanza. Mwalimu mmoja alisimama mezani pake dakika ishirini.

Kabla hatujaagana

Nyumbani kwetu sasa kuna utaratibu. Kila jioni kabla sijaondoka, mama anaweka miguu juu ya stuli, binti yangu anamulika tochi, anatazama nyayo, visigino na kati ya vidole, na kupapasa ndani ya viatu kama kuna kitu. Hatembei tena bila viatu hata ndani. Nimemwambia daktari amtazame miguu kila anapokwenda kliniki hata kama haumwi popote.

Wengi wenu wazazi wenu wako mbali: Tanga, Kisumu, Bukavu, Unguja. Mnapiga simu Jumapili. "Hujambo mama?" "Sijambo, mwanangu." Tumefundishwa kujibu hivyo hata nyumba ikiungua, nayo ni adabu nzuri, siiondoi. Lakini mstari ule wa 250 ndio huo. Haijalishi kuna nini mbele, jibu ni lilelile.

Kwa hiyo uliza swali la pili, na liwe la aina nyingine. Usiulize tena kwa sauti, omba kuona. Kama mzazi wako ana kisukari, mwambie aelekeze kamera ya simu kwenye nyayo, au mjukuu aliye karibu naye amshikie. Atakuambia acha upuuzi, miguu yangu ya kuonyeshwa watu? Mama yangu angesema vivyo hivyo. Ngoja amalize kulalamika, kisha omba tena.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaifundisha roboti kufuata mstari mweusi sakafuni. Vihisi ni vilevile vya infraredi. Mama ameshasema mstari huo usipite jikoni kwake.